Maswali ya Wasomaji: Annika Sörenstam na Hesabu ya Mikwaju

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba Annika Sörenstam, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1970, ndiye mchezaji bora kuliko wote katika historia ya gofu ya wanawake wa kulipwa. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua maswali yanayohusu maisha yake ya uwanjani, na tumeyajibu kwa urefu ambao kila moja linastahili.

Swali: Mhariri, mlitumia kipimo gani? Kathy Whitworth alishinda mashindano 88 ya LPGA (chama cha gofu ya wanawake wa kulipwa cha Marekani) na Mickey Wright alishinda 82, ilhali Sörenstam ana 72. Kwa mashindano makuu, yaani yale machache yenye hadhi ya juu kabisa, Patty Berg ana 15 na Sörenstam ana 10. Kwa hesabu ya kawaida, 72 si kubwa kuliko 88.

Jibu: Takwimu zako ni sahihi, na msomaji anayetaka kumaliza ubishi kwa kuhesabu vikombe ana haki ya kumtaja Whitworth na kuishia hapo. Sisi tulitazama mambo mengine mawili. La kwanza ni wapinzani. Berg alikuwa miongoni mwa wanawake 13 walioanzisha LPGA mwaka 1950, wakati ambapo wachezaji walikuwa wachache na karibu wote walitoka Marekani. Sörenstam aliupata ubingwa wake katika zama ambazo mashindano hayohayo yalikuwa yamewavuta wachezaji hodari wa kila bara, akiwamo Karrie Webb wa Australia na Se Ri Pak wa Korea Kusini, na mwishoni Lorena Ochoa wa Mexico. La pili ni jinsi alivyoutawala mchezo kwa muda mrefu. Alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka wa LPGA mara 8, tano kati ya hizo zikifuatana tangu mwaka 2001 hadi 2005, na katika mwaka 2002 pekee alishinda mashindano 11 ya LPGA.

Hata hivyo, ni haki kumpa Wright kilicho chake. Mwaka 1963 alishinda mashindano 13 katika msimu mmoja, idadi ambayo Sörenstam hakuifikia, na wapo wajuzi wanaoamini kwamba hajatokea mwanamke aliyezungusha fimbo vizuri kumshinda. Tungeulizwa ni nani tungependa kumtazama akipiga, huenda tungesema Wright. Sörenstam tulimchagua kwa sababu nyingine: alikuwa mchezaji aliyejua udhaifu wake kwa majina, akaushughulikia mmoja baada ya mwingine.

Swali: Nimesikia kwamba utotoni alikuwa akishindwa kwa makusudi. Je, hiyo ni kweli au ni hadithi za kumpamba?

Jibu: Ni kweli, kwa maana yeye mwenyewe ameisimulia mara nyingi hadharani. Alikuwa msichana mwenye haya nyingi, na desturi ya mashindano ya vijana ilimtaka mshindi asimame mbele ya watu na kutoa hotuba. Akiona yuko mbele karibu na mwisho, aliharibu mikwaju ya kusukuma mpira shimoni ili awe wa pili na akae kimya. Walimu wake walipogundua, waliamua kwamba mshindi wa pili naye atahutubia, na kuanzia hapo kushindwa hakukuwa na faida yoyote.

Jambo la kutazama hapa ni ustadi ambao kisa hicho kinaufichua. Mtoto anayeweza kuchagua nafasi ya pili, yaani kupoteza mkwaju mmoja au miwili bila kuporomoka hadi nafasi ya saba, tayari anajua kwa uhakika mpira wake unakwenda wapi na wapinzani wake wamesimama wapi katika hesabu.

Swali: Alianzaje uchezaji wa kulipwa? Je, alifanikiwa mara moja?

Jibu: Hapana. Alisoma Chuo Kikuu cha Arizona, akatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1991 na ubingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1992, kisha akaingia katika mashindano ya mwisho ya kufuzu LPGA na kukosa kibali kwa mkwaju mmoja tu. Ilimbidi aanzie Ulaya mwaka 1993. Mwaka 1994 alikuwa mchezaji bora miongoni mwa wachezaji wapya wa LPGA, na ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo ulikuja mwaka 1995. Nao ulikuwa U.S. Women's Open, shindano ambalo wengi hustaafu bila kulishinda. Mwaka uliofuata alilitetea kwa tofauti ya mikwaju sita.

Baada ya hapo palikuwa na kipindi ambacho wasifu nyingi hukiruka haraka. Aliendelea kushinda mashindano ya kawaida, lakini hakupata shindano kuu hata moja hadi mwaka 2001, na Webb akawa ndiye anayetajwa kwanza. Sörenstam alijibu kwa kuingia katika mazoezi mazito ya viungo, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida kwa wanawake wa gofu, akaongeza nguvu za miguu, mgongo na mabega na kwa hiyo umbali wa mikwaju yake. Usahihi alikuwa nao tangu zamani. Alipopata na umbali, wenzake walibaki wakigombea nafasi ya pili.

Swali: Tafadhali elezeni jinsi alivyopata mikwaju 59 katika raundi moja. Mimi hucheza na marafiki na sijawahi kushuka chini ya 90, kwa hiyo nashindwa hata kuiwazia raundi ya namna hiyo.

Jibu: Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo iliyomfikisha hapo. Uwanja wa Moon Valley, mjini Phoenix, ulikuwa na kiwango cha mikwaju 72 kwa mashimo 18. Kiwango ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuitumia, na mchezaji wa kawaida kama wewe, au kama mwandishi wa safu hii, huvuka kiwango karibu katika kila shimo. Pia Nilsson, aliyekuwa mwalimu wa timu ya taifa ya Sweden, aliwafundisha wachezaji wake kuiuliza hesabu hiyo kinyumenyume: ikiwa kila shimo linaweza kuchezwa kwa mkwaju mmoja pungufu ya kiwango, na kila mchezaji mzuri amewahi kufanya hivyo katika shimo hili au lile, kwa nini isiwezekane katika yote kwa siku moja? Jibu la hesabu hiyo ni 54. Mchezaji aliyelelewa na wazo hilo hashtuki anapojikuta chini ya kiwango kwa mikwaju mitano au sita, wala haanzi kucheza kwa woga ili kulinda alichokwisha kukipata.

Tarehe 16 Machi 2001, katika raundi ya pili ya shindano la Standard Register PING, Sörenstam alianzia shimo la 10. Alipunguza mkwaju mmoja katika kila shimo kutoka la 10 hadi la 17, mashimo manane mfululizo. La 18 alilicheza kwa kiwango, na nusu ya kwanza ikamalizika kwa mikwaju 28. Akageukia shimo la 1 na kupunguza tena katika mashimo manne yaliyofuatana, hivyo kwamba baada ya mashimo 13 alikuwa amepunguza katika 12. Hapo ndipo mwendo ulipotulia: la 5, la 6 na la 7 aliyacheza kwa kiwango, akapunguza katika la 8, na katika la 9, lililokuwa la mwisho kwake siku hiyo, akatoka na kiwango. Nusu hiyo ilikuwa 31. Jumla ni 59, hakuna shimo hata moja alilovuka kiwango.

Rekodi ya LPGA kwa raundi moja ilikuwa 61, na hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushuka chini ya 60 katika mashindano hayo. Wanaokumbuka 59 kwa kawaida husahau kwamba zilikuwa zimebaki raundi mbili, na kwamba Se Ri Pak alimfuata hadi mwisho, akapitwa kwa mikwaju miwili tu.

Swali: Mwaka 2003 alicheza na wanaume akashindwa. Je, hilo halikumvunjia heshima yeye na gofu ya wanawake?

Jibu: Aliondolewa katika mchujo wa baada ya raundi mbili, hilo ni kweli. Kama alivunjiwa heshima ni jambo jingine, na sisi hatukubaliani nawe.

Shindano lilikuwa Colonial, huko Fort Worth katika jimbo la Texas, mwezi Mei 2003, naye aliingia kwa mwaliko wa wadhamini. Hakuna mwanamke aliyekuwa amecheza shindano la PGA Tour, yaani mashindano ya wanaume wa kulipwa ya Marekani, tangu Babe Zaharias mwaka 1945. Wapo wachezaji wanaume waliosema wazi kwamba hapaswi kuwapo pale. Waandishi na watazamaji walimzunguka kwa wingi ambao mchezaji yeyote wa kiume angeuhesabu kuwa ni usumbufu. Baada ya mkwaju wake wa kwanza, ambao ulitua salama katikati ya njia, alijifanya magoti yanamlegea, watu wakacheka. Mchezo ule wa kuigiza ulikuwa na ukweli ndani yake.

Raundi ya kwanza alipiga 71, mkwaju mmoja tu juu ya kiwango cha uwanja huo. Ya pili alipiga 74, jumla 145, na mchujo ukampita kwa mikwaju minne. Mikwaju yake ya kuanzia ilikuwa sahihi kuliko ya wanaume wengi. Kilichomwangusha kilikuwa umbali, kwa kuwa uwanja ulizidi yadi 7,000 na kila mara alilazimika kuufikia uwanja wa shimo, yaani eneo la nyasi fupi linalolizunguka shimo, kwa fimbo ndefu zaidi kuliko walizotumia wenzake, na pia mikwaju ya kusukuma mpira, ambayo siku hizo mbili haikumtii.

Miezi iliyofuata ndiyo inayotupa jibu. Alirudi LPGA, akashinda shindano lake la kwanza baada ya Colonial, kisha LPGA Championship, na mwezi Agosti akashinda Women's British Open huko Royal Lytham, akimtangulia Pak kwa mkwaju mmoja na hivyo kuwa ameshinda, katika maisha yake ya uchezaji, mashindano makuu yote ya wakati huo. Mtu aliyevunjika moyo hachezi hivyo. Yeye mwenyewe alisema alikwenda Colonial kujipima, na kwa yale yaliyofuata hatuoni sababu ya kumkatalia.

Swali: Kuna video ya zamani inayomwonyesha akilia katika Solheim Cup. Nini kilitokea?

Jibu: Ilikuwa mwaka 2000, Loch Lomond, Scotland, katika pambano la Ulaya na Marekani. Sörenstam alikuwa nje ya uwanja wa shimo, akapiga mpira ukaingia moja kwa moja. Wamarekani walipopima waligundua kwamba mpira wake ulikuwa karibu na shimo kuliko wa mpinzani wake, kwa hiyo haikuwa zamu yake. Katika mchezo wa kushindana shimo kwa shimo, mpinzani ana haki ya kuufuta mkwaju uliopigwa kabla ya zamu na kudai urudiwe, nao waliitumia haki hiyo. Aliporudia, mpira haukuingia.

Kwa sheria, Wamarekani hawakukosea chochote. Lau wangekuwa wanashindana kwa jumla ya mikwaju, mkwaju ule ungehesabiwa bila adhabu. Ulaya ilitwaa kombe mwaka huo. Mmoja wa wapinzani wake katika shimo lile alikuwa Pat Hurst, ambaye mwaka 2006 walikutana tena katika raundi ya ziada ya mashimo 18 ya U.S. Women's Open. Sörenstam alipiga 70, Hurst 74, na hilo likawa shindano lake kuu la kumi na la mwisho.

Swali: Kwa nini alistaafu mapema, akiwa bado anashinda?

Jibu: Mwaka 2007 aliumia shingo na mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu 1994 akamaliza msimu wa LPGA bila ushindi. Ochoa akachukua nafasi ya kwanza duniani. Mwaka 2008 alirudi akashinda mara tatu, ya mwisho ikiwa kule Kingsmill mwezi Mei kwa tofauti ya mikwaju saba, na siku mbili baadaye akatangaza kwamba ataacha mwishoni mwa mwaka. Alitaka familia, na alikuwa na shughuli za biashara na taasisi yake ya kuwainua wasichana katika gofu. Sisi tunaona kwamba hakutaka tena kulipa gharama ya kubaki juu, ambayo aliijua kwa undani kuliko yeyote. Alijaribu tena mwaka 2021, katika U.S. Senior Women's Open ya wenye umri wa miaka 50 na zaidi, mumewe akimbebea fimbo. Alishinda kwa mikwaju minane.

Swali: Mwalimu wangu hunikemea kila ninapoinua kichwa. Mbona Sörenstam alikuwa haangalii mpira anapoupiga?

Jibu: Ni kweli kwamba kichwa chake kiligeuka kuelekea shabaha kabla fimbo haijaugusa mpira, kama alivyofanya pia mchezaji David Duval. Tofauti ni kwamba yeye alikigeuza bila kukiinua: kilizunguka pamoja na mabega huku mgongo ukibaki katika mwinamo uleule. Anayeinua kichwa hunyanyua kifua, na fimbo hupita juu ya mpira. Mwombe mwalimu wako akurekodi kutoka mbele, kisha tazama kama kofia yako inapanda au inazunguka tu. Ikiwa inapanda, mwalimu wako yuko sahihi.