Mwanangu, umeniuliza kama kweli nilikutana na Mungu

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya jumapili usiku nimeisoma mara tatu, ya kwanza nilicheka pale unaposema kwenye mkesha wenzio wote wameanguka chini kwa maombi wewe peke yako umesimama umeshika mapochi ya watu, mara ya tatu sikucheka tena. Umeniuliza mama hivi wewe ulikutana na Mungu kweli au ulizoea tu kanisa, mana wewe mwanangu umeombewa mara tatu na hujisikii chochote. Sikutaka kukujibu kwa voisi ya dakika moja huku niko kwenye foleni ya maji, ndo mana nimekaa siku nne.

Bibi yako unajua alikuwa wa wale ndugu wa Uamsho, ule wa wakristo ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda na Kenya ukafika mpaka huku kwetu Ugogo, hapa Dodoma. Wale walikuwa na jambo lao, kutembea nuruni, yani ukiokoka husemi tu nimeokoka ukakaa, unasimama mbele za watu unaitaja dhambi kwa jina lake, na kama kuna kitu cha mtu unakirudisha. Bibi alirudisha jembe la shemeji yake alilokaa nalo miaka sita, jembe lenyewe limelika limebaki kama kijiko, akalibeba kichwani mchana kweupe. Sisi watoto tuliona aibu mpaka tukajificha.

Kwahiyo nimekua najua Mungu anakuja hivo, kwa machozi na nyimbo na watu kukumbatiana. Mimi nikabatizwa, nikapata kipaimara, nikaingia kwaya, nikafunga ndoa na baba yako kanisani, na katika yote hayo sikukutana na mtu. Nilikuwa mkristo mzuri tu, sadaka natoa, wagonjwa naenda kuwaona. Nakwambia hili usije ukadhani kutojisikia kitu kumeanza na wewe.

Sasa nikusimulie habari ya kisado, lile kopo la kupimia mahindi, hata dada yako haijui.

Mwaka 1997 mvua ziligoma, mtama ulikauka ukiwa magotini, wewe bado unanyonya na baba yako hana kibarua. Nikawa nachukua mahindi kwa debe napima kwa kisado pale soko la Sabasaba. Debe ni visado vitano, faida yenyewe ilikuwa ya kubahatisha. Mwenzangu mmoja akanionyesha ujanja. Unachukua lile kopo la mafuta ya kupikia, unaligeuza, unagonga kitako taratibu kwa jiwe mpaka kibonyee kwa ndani, siyo sana, kama kiganja hivi, alafu mahindi ukiyamwaga unaweka kilima juu mpaka yanamwagika na mteja anakushukuru kwa ukarimu. Kwa kila debe vinabaki vikombe viwili vitatu. Hivo vikombe ndo tulikuwa tunakula mwanangu, na wewe ulikua kwa hivo vikombe, sikufichi.

Kulikuwa na bibi mmoja alikuwa ananunua kwangu kila baada ya siku mbili, analea wajukuu. Siku moja akaja na kisado chake amekifunga kwenye kanga, akaniuliza kwa upole kabisa, mwanangu hebu niangalizie, nikifika nyumbani mahindi yako hayajai humu, nafikiri hiki changu ni kikubwa kuliko vya watu.

Angenitukana ningemjibu, unanijua mdomo wangu. Ila yeye alikuwa anakilaumu kisado chake. Nikamwambia ndio bibi, hicho kikubwa. Akashukuru akaenda.

Usiku sikulala. Nilikaa jikoni kwenye kigoda, koroboi inatoa moshi, kile kisado changu kiko sakafuni mbele yangu, na wewe unakoroma chumbani. Sikusikia sauti wala sikuanguka. Ila nilijua siko peke yangu mle jikoni, kama unavojua kuna mtu mlangoni kabla hajapiga hodi. Na huyo aliyekuwepo alikuwa anakijua hicho kisado tangu siku nilipokigonga, jumapili zote nilizosimama kwaya na sare yangu alikuwa anakijua, na hakuwa ameondoka. Hapo ndo niliposhindwa. Nilitegemea hasira, nikakuta mtu amekaa ananisubiri. Nikasema Bwana, kisado chake kizima, kibovu ni changu. Basi, hiyo ndo sala yangu ya kuokoka, hata amina sikumbuki kama nilisema.

Asubuhi nilichukua mchi wa kinu nikakigonga kile kitako kwa ndani mpaka kikarudi, majirani wakadhani natwanga.

Usidhani kukaja raha. Zakayo alisema atarudisha mara nne, mimi hata mara moja nilikuwa sina, na wateja wengine siwajui walikotoka. Yule bibi nilimtafuta mpaka nikampata Chang'ombe ya hapa Dodoma, nikampelekea visado viwili nikamwambia ukweli wote. Nilikuwa nimejiandaa kulia naye kama bibi yako na ndugu zake. Akayapima mahindi yangu na kisado chake mbele yangu, akayamwaga kwenye ndoo, akasema haya, akaingia ndani. Hakununua kwangu tena. Na nilistahili, ila njiani narudi nilikuwa mwepesi mwanangu, sina hata neno la kukuambia, niliona mibuyu ile ile ya kila siku kama ndo naiona leo.

Huo wepesi ulikaa kama mwezi hivi alafu ukaisha. Hii watu wa mkesha hawakwambii. Hela ilipungua, tukalala njaa siku kadhaa, na mwakani yake ikaja mvua ya Elnino ukuta wa jiko ukaanguka, na nikakasirika nikamwambia Mungu si bora ungeniacha na kisado changu. Paulo anasema utu wa nje unachakaa ila wa ndani unafanywa upya siku kwa siku, na mimi hapo kwenye siku kwa siku ndo napapenda, mana kuna siku naamka mama yule yule wa zamani kabisa, muulize baba yako. Yeye mifano yake unaijua, kila kitu zabibu. Anasema mzabibu ukishaukata matawi unatoa maji matone matone siku kadhaa, hauna hata jani, mtu akipita anasema shamba hili limekufa. Safari hii nakubaliana naye.

Wanaoanguka sisemi wanaigiza, wengine nawajua ni wa kweli. Ila soma 1 Wafalme 19, upepo ulipita, tetemeko likapita, moto ukapita, Bwana hakuwemo, alafu ikaja ile sauti ndogo ya utulivu. Na angalia ilisema nini. Haikumwambia Eliya lala chini. Ilimuuliza, unafanya nini hapa Eliya? Swali tu. Mimi langu lililetwa na bibi kwenye kanga.

Sasa kwenye meseji yako, katikati, uligusia ile hela ya kikoba mnayogombana na wenzio, kwamba mahesabu hayakai na wewe ndo mweka hazina, alafu ukaruka haraka ukarudi kwenye mambo ya mkesha. Mimi sijauliza kitu. Nimeona tu uliporukia.

Ukipata likizo njoo, siku hizi na treni ya umeme unatoka Dar asubuhi mchana uko hapa unakula mlenda. Usilete zawadi, niletee ule unga wa ngano tu na dawa ya macho ya baba yako. Kile kisado bado kipo, nanyweshea kuku, kitako kina makunyanzi ya nyundo mbili, ya nje na ya ndani. Ukija nitakuonyesha.

Mama yako