Mtoto anasoma Kiingereza kama redio lakini haelewi kitu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, nyumbani tunaongea Kiswahili, shuleni ni Kiingereza tupu. Akishika kitabu cha Kiingereza anashuka nacho kama redio, ila ukimuuliza kasoma nini anakutolea macho tu. Kiswahili nacho anakisoma kwa kukokota. Ticha wake anasema tuache Kiswahili nyumbani eti kinamchanganya, na ndugu yangu mmoja kaniambia hiyo ni disleksia. Tafiti zinasemaje hasa, na mimi nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mama. Nianze na disleksia maana najua ndo inayokunyima usingizi. Mtoto sijamwona kwa hiyo cheti siandiki hapa, ila ulivyoeleza haifanani nayo. Mwenye disleksia anakwama kwenye neno lenyewe, herufi zinamgomea kugeuka sauti, anasoma taratibu na kukosea kosea, lakini mara nyingi ukimsomea wewe hiyo stori anaipata vizuri tu. Wa kwako ni kinyume, neno linatoka, maana ndo haiji.

Kuna fomula moja fupi ya watafiti Philip Gough na William Tunmer ya mwaka 1986 ambayo sisi tunaopima watoto tunaitumia mpaka leo: kusoma kwa kuelewa ni uwezo wa kugeuza maandishi kuwa maneno, mara uwezo wa kuielewa hiyo lugha ukiisikia. Ni mara, sio kujumlisha, na hapo ndo utamu wake ulipo, kwa sababu upande mmoja ukiwa karibu na sifuri hata ule mwingine uwe mkubwa vipi jibu linabaki dogo. Mwanao upande wa kwanza yuko fiti, nina wasiwasi na wa pili.

Usinichukulie kwa maneno, jaribu mwenyewe leo jioni. Chukua ukurasa ambao hajawahi kuuona kwenye kitabu chake cha Kiingereza, msomee wewe, yeye asikilize tu bila kuangalia, afu mwambie akusimulie kwa Kiswahili. Narudia, kwa Kiswahili, maana ukimlazimisha ajibu kwa Kiingereza utakuwa unapima kuongea na sio kuelewa, na hilo kosa nimeliona hata kwa watu wenye vyeti ukutani. Kama hata kwa kusikiliza hajapata kitu, basi shida sio kusoma, ni Kiingereza chenyewe hakijaingia. Kesho yake fanya vilevile kwa stori ya Kiswahili. Akiisimulia vizuri, nani alifanya nini na kwa nini, mtambo wa kuelewa uko salama. Ila kama hata Kiswahili chake mwenyewe hakiingii, hapo usisubiri, apimwe masikio kwanza, kisha aonwe na mtaalamu wa lugha ya watoto, kwa sababu tatizo la kweli la lugha linajitokeza kwenye lugha zote mbili, halichagui moja.

Sasa hili la kuacha Kiswahili. Hapana mama, usiache. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Norwe, Monica Melby-Lervåg na Arne Lervåg, walikusanya tafiti kibao za watoto wa lugha mbili wakazichambua kwa pamoja, na picha ikawa hivi: ufundi wa kusikia sauti ndani ya neno na wa kusoma maneno unaendana sana kati ya lugha moja na nyingine, mtoto aliyeupata huku anakuwa nao na kule. Ila msamiati na lugha ya kuongea, uhusiano ni mdogo sana. Yaani kujua "mvuke" hakukufundishi neno la Kiingereza la mvuke. Lakini ukishajua mvuke ni kitu gani, ukikutana na neno jipya unalipachika tu juu ya kitu unachokijua, tofauti na mtoto anayekariri neno na kitu chenyewe kwa mpigo.

Huo ufundi kuvuka nimeushuhudia kwa macho. Niliwahi kukaa na binti wa miaka 7 aliyeanza kusoma kwa Kiswahili, nikamwekea neno kite la Kiingereza, ambalo linatamkwa "kait", akasoma "ki-te". Nikaweka made, linalotamkwa "meid", akasoma "ma-de" bila hata kupepesa. Mama yake pembeni kashika kichwa, mimi moyoni nafurahi, kwa sababu huyu mashine yake inafanya kazi, kilichobaki ni kumwonyesha kwamba Kiingereza kina mambo yake. Na kina mambo kweli: utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa 2003 ulilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, wengi walisoma maneno ya kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90, watoto wa Ufini wakiwa miongoni mwa walio juu kabisa, na waliokuwa wanasoma Kiingereza kule Uskoti walipata asilimia 34. Sio kwamba ni wazito, ni ile spelingi. Kiswahili kwa tabia kiko upande wa Kifini, kinasomwa kama kinavyoandikwa.

Utaniuliza sasa mbona wangu anakikokota. Kwanza hajafundishwa, hiyo tu. Pili maneno yetu ni marefu na mambo yamefungwa mle ndani. Mwandikie "nilimpigia" na "alinipigia" uone. Mtoto aliyezoea Kiingereza anakamata mwisho wa neno, "pigia", mwanzo anabahatisha, na akikosea hapo amegeuza stori nzima, aliyepiga simu kawa aliyepigiwa. Kwa hiyo mkatie: ni-li-m-pigia, a-li-ni-pigia, muulize nani kampigia nani. Dakika kumi kwa siku zinatosha, na iwe mchezo, ukigeuza kuwa mtihani umeharibu.

Ticha hajatunga kutoka hewani lakini, kuna kitu anakiona. Mtafiti Ellen Bialystok na wenzake mwaka 2010 waliangalia watoto 1,738 wa miaka 3 hadi 10, wakakuta wa lugha mbili wana msamiati mdogo kidogo wa Kiingereza kuliko wa lugha moja. Ila walipochambua, pengo lilikuwa zaidi kwenye maneno ya nyumbani, ya shule walikuwa karibu sawa. Na inaingia akilini, maneno ya nyumbani mtoto anayo, yako kwenye lugha ya nyumbani, ukimhesabia lugha moja tu umemwibia nusu. Mtafiti mwingine, Jim Cummins, naye tangu 1979 alitenganisha Kiingereza cha kupigia stori na kile cha darasani, cha stori kinachukua kama miaka 2 hivi, cha darasani miaka 5 hadi 7. Mtoto anayechapa Kiingereza uwanjani anatudanganya wote, tunadhani kimeshakolea.

Kwa ticha usiende kugombana. Mpelekee ulichokiona kwenye hiyo testi ya kusikiliza, afu muombe kitu kimoja tu, mada za wiki ijayo. Kama ni maji na mvuke, ninyi Jumapili mchemshe maji, mfunike sufuria, muangalie matone kwenye mfuniko na muongee kwa Kiswahili mpaka mtoto aanze kubishana na wewe. Jumatatu akikutana nayo kwa Kiingereza atakuwa anatafuta majina tu.