Kabla hujaikimbilia mashine: kusaka viambata vya kati vya antibayotiki

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa uzamili kaniuliza, "Dada, kutafuta viambata vya kati (vipande ambavyo bakteria hutengeneza njiani kabla ya kufikia antibayotiki yenyewe) nianze na mashine gani?" Nikamwambia aanze na sahani ya agari (rojo gumu la kukuzia bakteria) na kitanzi cha kupandia bakteria. Akadhani namtania.

Mimi nilihangaika na Serratia marcescens, bakteria anayetengeneza rangi nyekundu iitwayo prodijiosini, ambayo huua bakteria wengine. Ndiye aliyezua taharuki karibu na Padova mwaka 1819, polenta za watu (ugali wa mahindi wa Waitaliano, tuseme) zilipogeuka nyekundu kama zimemwagiwa damu. Mfamasia Bartolomeo Bizio ndiye aliyeonyesha kuwa hapakuwa na uchawi, bali kijidudu kinachoota.

Prodijiosini hutengenezwa kwa njia mbili zinazokutana. Moja inaleta kiambata kiitwacho kwa kifupi MBC, nyingine inaleta kingine kiitwacho MAP, kisha kimeng'enya PigC kinaviunganisha. Kwa bakteria mzima, asiyeharibiwa jeni, huambulii kitu cha maana, maana viambata hivyo havikai: vikitokea tu vinaunganishwa. Mtafute aliyeharibiwa jeni. Ukizima pigC, jeni ya kimeng'enya hicho, vyote viwili vinarundikana. Ukizima pigD, jeni ya njia ya MAP, MAP haipatikani, na MBC inabaki inamsubiri mwenzake.

Sasa ile sahani. Chora mstari wa bakteria asiyeweza kutengeneza MAP, na milimita chache pembeni yake, bila kugusana, mwingine asiyeweza kutengeneza MBC. Wote ni weupe. Baada ya siku moja au mbili, mstari wa kwanza unaanza kuingia rangi ya waridi kwenye ukingo unaomtazama jirani yake, kisha ukingo huo unaiva kabisa. Upande wa pili, mgongoni, bado ni mweupe. MAP imehama kutoka kwa jirani na kukutana na MBC iliyokuwa inasubiri. Hujatumia hata tone la kimiminika cha bei, na tayari unajua nani ana nini. Mimi hadi leo sichoki kuitazama.

Ila angalia joto. Kuna mara niliweka sahani zangu kwenye inkubeta (kabati la joto la kukuzia bakteria) ya wote, na mtu akaipandisha hadi nyuzi 37 kwa ajili ya kazi yake. Zikatoka nyeupe zote, hata za bakteria mzima. Wiki nzima nikijilaumu kwamba nimechafua mbegu, kumbe Serratia kwenye 37 huota vizuri tu lakini rangi hatoi. Nyuzi 28 hadi 30 zinamtosha.

Kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, nenda ukijua unachokitafuta: MAP ikibeba protoni husomeka 152, MBC 191, prodijiosini yenyewe 324. Ukiona 213 usishangilie kiambata kipya. Ni MBC iliyobeba sodiamu badala ya protoni.

Na tafadhali, pitisha pia mchuzi mtupu, yaani chakula cha majimaji cha bakteria kisichopandwa kitu, kwa hatua zilezile, vichupa vilevile na vimiminika vilevile. Mimi niliuruka kwa uvivu. Nikapata kilele kirefu kwenye 391, nikakaa nacho siku tatu nachora molekuli kwenye daftari, hadi jina nilishakipa. Fundi wa mashine alikitazama mara moja akacheka: ni kilainishi cha plastiki, kimetoka kwenye mirija yako. Nilipopitisha mchuzi mtupu, 391 ikasimama palepale, ndefu vilevile. Tangu hapo plastiki na asetoni, kimiminika ninachokamulia viambata, sivikutanishi, natumia kioo.

MAP nayo ina tabia yake: ni nyepesi, huruka hewani. Nilikuwa nakausha sampuli kwa moto hadi chupa inabaki kavu kabisa, kisha nashangaa MBC ipo na MAP haipo. Nilikuwa naifukiza mwenyewe. Usikaushe hadi mwisho. Punguza kimiminika taratibu bila moto mkali, bakisha kidogo, funga kifuniko, na upime siku hiyohiyo.

Yote haya nilimweleza yule mdogo wetu, akaandika. Jana jioni kanitumia picha ya sahani zake, nyeupe pee, na swali: "Dada, nimekosea wapi?"

Nikamjibu neno moja: "Inkubeta?"