Kwa mnaoanza kuuza soka Marekani

Msimu mpya ukikaribia huja slaidi ileile. Michigan Stadium imejaa pomoni, Manchester United na Real Madrid, Agosti 2014, watu 109,318, na chini yake kwa herufi nene: "Soko lipo." Safari hii aliyeitengeneza ni kijana wetu wa Morogoro, mwerevu, suti imemkaa, akaiwasilisha kwa sauti ya mtu aliyegundua mafuta. Mkurugenzi wa mauzo akamuuliza swali moja tu: hao watu wiki iliyofuata walikuwa wapi? Kijana akanitazama mimi. Mimi nikaitazama kahawa yangu, kwa sababu slaidi ya namna hiyo niliwahi kuitengeneza, na yangu nikaiwekea na muziki.

Basi wadogo zangu mnaotoka nyumbani na kuingia idara za tiketi na udhamini huku, hasa kwenye klabu za daraja la pili, hasa kwenye miji ambayo futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu inapewa heshima ya ibada, someni haya kabla ya kikao kijacho. Nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Umati wa siku moja usiwalevye.

Agosti 1977 New York Cosmos, klabu ya Pelé na Beckenbauer, iliingiza watu 77,691 Giants Stadium. Ligi yenyewe, NASL, ikacheza msimu wake wa mwisho 1984. Kombe la Dunia la 1994 lilikuwa na wastani wa karibu watu 69,000 kwa mechi, na kwa miongo mitatu hakuna Kombe jingine lililoufikia. MLS, ligi kuu ya soka ya sasa huku, ikaanza 1996 joto likiwa bado lipo, timu 10, zaidi ya watu 17,000 kwa mechi. Kufika 2000 walikuwa chini ya 14,000, na Januari 2002 ligi ikazifunga timu mbili za Florida, Tampa Bay Mutiny na Miami Fusion. Zilizobaki zilibebwa na matajiri wachache mno. Philip Anschutz peke yake alifika mahali akawa na zaidi ya nusu ya timu za ligi. Kwenye vikao vyenu wamo watu waliopoteza kazi wakati ule. Ukiwaambia "soko lipo", wanatabasamu kwa adabu tu.

2. Bei ya klabu isiwachanganye na mapato ya klabu.

Toronto FC iliingia MLS 2007 kwa dola milioni 10. San Diego FC ilikubali kulipa milioni 500, ikaanza kucheza 2025. Ni kweli, waliowekeza mapema wamefanya biashara ya ajabu. Ila ada hizo wanagawana wenye timu, na hazifiki kwenye dawati lako. Kwenye televisheni, mkataba wa Apple na MLS ulipoanza 2023 ulitajwa kuwa wa dola bilioni 2.5 kwa miaka 10. Mikataba ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, iliyoanza mwaka huohuo inazidi bilioni 100 kwa miaka 11. Gawanyeni wenyewe. Klabu kama yetu inakula getini, kwa wadhamini, kwenye vyumba vya VIP, kwenye bia na kwenye maegesho. Hayo maegesho myakumbuke, tutayarudia.

3. Mshindani wenu wa kwanza hayuko NFL.

Mtu anayependa mpira kweli, Jumamosi ameamka mapema akatazama Ligi Kuu ya Uingereza na kifungua kinywa chake. Televisheni ya NBC walitoa kama dola bilioni 2.7 kwa misimu sita kwa ajili ya mtu huyo. Jioni, kama kwao ni Mexico, kuna Liga MX, ligi ya soka ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa na watazamaji wengi zaidi Marekani. Wewe unampigia simu akiwa ameshiba mpira, unamwomba aendeshe gari dakika arobaini aje kutazama wachezaji asiowajua. Msimweleze uzuri wa soka, anaujua kuliko nyinyi. Mwelezeni atakaa wapi, atakaa na nani, na saa ngapi atakuwa amerudi kwake.

4. Ratiba.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka niliokabidhiwa kuchagua tarehe za mechi za nyumbani, ligi ilitupa nafasi moja ya Oktoba: Jumatano, Ijumaa au Jumamosi. Nilikuwa najiona fundi. Nikaangalia timu ya NFL iliyo karibu, inacheza Jumapili. Besiboli ya mji imekwisha. Nikaweka Jumamosi saa moja usiku. Kwamba chuo kikuu kina mechi ya nyumbani siku hiyo saa tisa na nusu alasiri nilijua, wala sikulificha. Nilisema kikaoni, kwa kinywa changu, "Watu wa mpira ni watu wa mpira, wale wa futiboli hawatuhusu." Mama mmoja wa idara ya uendeshaji, aliyekuwa pale tangu klabu inaanza, akaniuliza kama nimeongea na watu wa maegesho. Nikamjibu kwamba maegesho ni yetu. Akaandika kitu kwenye daftari lake na hakusema tena.

Maegesho yalikuwa yetu, isipokuwa Jumamosi za mechi za chuo. Siku hizo, kwa mkataba ambao sikuwahi kuusoma, yalikuwa yamekodishwa kwa mashabiki wa chuo tangu asubuhi. Wenyewe huja na mahema, majiko ya kuchomea nyama, makochi na televisheni, na hakuna anayeondoka kabla mechi haijaisha na foleni haijapungua. Mechi ya chuo ikaenda muda wa nyongeza. Saa kumi na mbili na nusu jioni eneo letu lote lilikuwa limejaa magari ya watu ambao hawakuwa na tiketi yetu hata moja, na moshi wa mbavu zao unapita juu ya uwanja wetu.

Hayo yalikuwa mwanzo tu. Kampuni ya walinzi wa getini ilikuwa ileile inayohudumia chuo, na watu wake wazoefu wote walikuwa kule. Tuliletewa nusu ya tulioomba, wengine siku yao ya kwanza kazini, wakawa wanaelekeza watu geti la wachezaji. Askari wanaochukua kazi ya ziada kuongoza magari walikuwa kule. Barabara ya kutoka barabara kuu ilikuwa imegeuzwa ya upande mmoja, na upande huo haukuwa wa kuja kwetu. Timu ngeni ilikuwa imekosa hoteli mjini, maana wikiendi kama hiyo vyumba huisha miezi mingi kabla, ikalala mji wa mbali na basi lao likakwama kwenye msafara wa magari yenye bendera za chuo. Mechi ikachelewa. Mikate ya soseji ikaisha kabla ya mapumziko, sikumbuki kwa nini, lakini nina uhakika chanzo ni kilekile.

Mdhamini wa usiku ule alikuwa muuza magari. Alilipia tangazo la jezi za watoto watakaoingia na wachezaji, meza ya magari mawili mapya mlangoni, na kutajwa kwenye kipaza sauti. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye chumba chake cha VIP huko chuoni, akamtuma mpwa wake. Watoto waliotakiwa kuingia na wachezaji walifika wachache. Wachezaji wengine waliingia wakiwa wameshika hewa.

Nilisimama nyuma ya goli la kaskazini, na kelele kubwa kuliko zote nilizosikia usiku ule zilitoka ng'ambo ya barabara. Bwana mmoja mwenye fulana ya chuo aliingia kwetu kutafuta choo, walinzi wetu wapya wakampitisha, akakaa jukwaani hadi mapumziko. Alipokuwa anatoka aliniuliza kwa upole mapumziko ya matangazo, kama yale ya futiboli yao, huwa yanakuja saa ngapi. Huyo ndiye shabiki mpya pekee niliyempata.

Jumatatu bosi wangu hakunifokea. Alinipa orodha ya wenye tiketi za msimu na kuniambia nimpigie kila mmoja. Nilitarajia walalamikie matokeo, maana tulifungwa. Hakuna aliyeyataja. Wote walizungumzia gari. Mama mmoja aliniambia, bila hasira, kwamba anaipenda timu ila alizunguka uwanja na watoto nyuma wanalia hadi mmoja akajikojolea, akageuza akarudi nyumbani, na baba yao akamwambia mwakani wachukue tiketi za besiboli kwa sababu kule kuna pa kuegesha. Sikuwa na la kumjibu. Nilimrudishia fedha zake na hakurudi. Mdhamini alilipa nusu.

Nilikuwa nimeamini kwamba mchezo mkubwa unakuzidi kwa wingi wa mashabiki. Hilo ndilo dogo. Mchezo mkubwa huwa umeshika mji: barabara, vyumba vya hoteli, polisi, walinzi, wapishi, vijana wa kuuza bia, na jioni ya huyo mdhamini unayemtegemea. Wewe unapewa kilichobaki. Ann Arbor, ambako Michigan Stadium iko, ina wakazi kama 120,000 na uwanja unaochukua zaidi ya 107,000. Fikirieni siku ya mechi nani anabaki wa kukukatia tiketi.

Sasa juzi mmoja wenu amependekeza Jumamosi ya pili ya Oktoba. Nilikwenda kunywa maji.

5. Watoto wanaocheza mpira hawako mjini wikiendi.

Wazazi huku hulipa maelfu ya dola kwa mwaka ili mtoto acheze kwenye klabu ya ushindani, na klabu hizo wikiendi husafiri kwenye mashindano, wakati mwingine hadi jimbo jingine. Kwa hiyo familia inayopenda soka kuliko zote kwenye orodha yako ndiyo isiyoweza kuja Jumamosi. Ombeni kalenda ya mashindano ya vijana kabla ya kupiga simu yoyote.

6. Msiseme "Walatino watakuja".

MLS ilishafanya jaribio hilo kwa fedha nyingi. Chivas USA, nakala ya Chivas ya Guadalajara, klabu ya Mexico, ilianza Los Angeles 2005 na kufungwa 2014. Shabiki wa Chivas ya kweli hakuona sababu ya kushabikia kivuli chake, na shabiki wa América, mahasimu wao wa Mexico City, alikuwa na sababu ya kukichukia. LAFC ilipoanza 2018 katika mji uleule ilitafuta mashabiki mtaa kwa mtaa kabla uwanja haujaisha, ikajaza. Jirani wa Honduras na jirani wa Jalisco, jimbo la Mexico, wana timu mbili tofauti na hasira mbili tofauti. Ulizeni kwanza.

7. Na watu wetu?

Hapa naona aibu mnayonitia, kwa sababu mnaongea Kiswahili na hamkitumii. Bernard Kamungo alizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi wa Kikongo, akafika Abilene, Texas, akajitokeza kwenye majaribio ya wazi, akaishia FC Dallas na timu ya taifa ya Marekani. Familia kama yake ziko kwenye miji mingi ya huku, na zina timu za kanisa zinazocheza viwanja vya wazi kila wikiendi. Mzee mmoja wa Uvira anayesimamia timu ya namna hiyo aliniletea basi zima, baada ya mimi kwenda kumwamkia nyumbani, kula ugali na sombe, na kusikiliza kwa kirefu jinsi TP Mazembe ilivyoifunga Internacional ya Brazil kule Abu Dhabi 2010. Kijana wetu mmoja alimtumia baruapepe yenye kiungo cha malipo. Mzee hakukifungua, na kwa nini akifungue? Shikamoo kwanza, bei ya kundi baadaye, na msipange mechi ya mchana Jumapili, ibada haijaisha.

8. Tiketi za bure.

Mahudhurio yanayotangazwa huhesabu tiketi zilizotolewa, si zilizoskaniwa getini. Mdhamini akikuuliza, mpe namba ya getini kabla hajaitafuta mwenyewe.

9. Soka la wanawake si kipengele cha "mengineyo".

Ligi ya wanawake ya WUSA ilisimama 2003, iliyoifuata, WPS, ikafa 2012, na bado NWSL, ligi yao ya sasa iliyoanza 2013, imefika mahali ambapo Kansas City Current ilifungua uwanja wake yenyewe 2024, uliojengwa kwa ajili ya timu ya wanawake. Anayelipia tiketi za familia mara nyingi ni mama. Muulizeni anapenda nini.

10. Kalenda inageuka.

MLS imeamua kwamba kuanzia 2027 itahamia msimu wa kuanza katikati ya mwaka na kumalizika Mei, kama Ulaya. Faida ipo: hatua za mwisho zitachezwa bila NFL kuwakalia. Lakini miezi ya mwanzo ya msimu, wakati mnatakiwa kuuza kwa nguvu zote, itaingia hadi Septemba na Oktoba, na sasa mnajua Jumamosi za Oktoba zina nini. Daraja la pili likifuata nyayo, ratiba itarudi mezani kwangu na mezani kwenu. Kwa hiyo wiki hii kila mmoja anipe vitu vitatu: kalenda ya mechi za nyumbani za chuo, mkataba wetu wa maegesho ukiwa umesomwa hadi ukurasa wa mwisho, na namba ya simu ya anayepanga walinzi. Yule mama wa idara ya uendeshaji bado yupo, ghorofa ya kwanza, mlango wa mwisho. Anapenda chai ya tangawizi, na daftari lake anawasomesha wanaobisha hodi.