Mnara wa Siloamu na mafuriko yetu

Ndugu yangu, umeandika, tena na emoji za moto, kwamba waliosombwa na mafuriko wamelipwa dhambi zao. Polepole kidogo. Yesu aliletewa habari ya namna hiyo hiyo, Luka 13: Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa kwenye dhabihu zao. Yeye mwenyewe akaongeza wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akajibu: sivyo. Kisha akawageuzia wasikilizaji wenyewe, msipotubu nanyi mtaangamia. Hukumu ipo, sikatai (Mathayo 25, pale kondoo wanapotengwa na mbuzi, iko wazi), ila kazi ya kusoma majina ya waliohukumiwa hatukupewa sisi.

Halafu soma mfano unaofuata palepale. Mtini haujazaa miaka 3, mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Samadi, jamani, si shoka! Na katika Ezekieli 33:11 Mungu anasema hafurahii kufa kwake mwovu. Sasa wewe zile emoji za moto ulikuwa unafurahia nini?