Wasomaji Wauliza: Hatimiliki, Mali ya Ndoa na Maamuzi ya Mahakama ya Juu

Barua za safari hii zimechochewa na maamuzi kadhaa ya rufaa ya Mahakama ya Juu ya Kenya, mahakama ya mwisho ya rufaa nchini, ambayo wasomaji wameyasikia redioni au kwa majirani, mara nyingi nusu nusu. Nimezifupisha barua zenyewe bila kugusa kiini chake.

*

Shikamoo wakili. Mwaka 2016 nilinunua kiwanja karibu na ufuo wa bahari. Nilifanya sachi katika ofisi ya ardhi, ikatoka safi, nikalipa, na hatimiliki ikatolewa kwa jina langu. Ninayo hadi leo, nimeitia ndani ya mfuko wa nailoni katika sanduku la bati ili isiliwe na mchwa. Mwezi uliopita maafisa wa kaunti walikuja na utepe wa kupimia, wakapaka alama ya X nyekundu kwenye ukuta wangu, wakisema hapo ni njia ya umma ya kwenda ufuoni. Rafiki yangu ananiambia kuwa Mahakama ya Juu ilishasema hatimiliki si kitu. Je, ni kweli?
Msomaji, Kilifi

Marahaba. Rafiki yako ametia chumvi, lakini hakutunga. Uamuzi anaoukusudia ni ule wa tarehe 21 Aprili 2023, kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, na unafanana na kisa chako kiasi cha kutisha. Kampuni hiyo ilikuwa na hati ya kiwanja kilichoko Nyali, kando ya bahari. Mwaka 2017 kaunti iliingia ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya wananchi kufika ufuoni, na kampuni ikaenda mahakamani ikidai kwamba ilinunua kwa nia njema na kulipa bei kamili. Ilishindwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikashindwa katika Mahakama ya Rufaa, na mwishowe ikashindwa katika Mahakama ya Juu.

Ilishindwa kwa sababu ya mzizi wa hati. Kiwanja kile kiligawiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, mgawiwa akiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha kikauzwa na kuuzwa tena hadi kikaifikia kampuni hiyo. Mahakama ilichunguza ugawaji wa kwanza na kuona kwamba haukufuata utaratibu, kwa kuwa eneo lenyewe lilikuwa limetengwa kwa matumizi ya umma na halikuwa tupu la kugawiwa mtu. Aliyegawiwa hakupata hati halali, na kwa hiyo hakuwa na kitu cha kumpa mnunuzi wa kwanza, wala huyo hakuwa na kitu cha kumpa wa pili. Majaji waliegemea kifungu cha 40(6) cha Katiba, kinachosema kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Mwezi Aprili 2025, katika kesi ya kiwanja cha Ngara jijini Nairobi, mahakama hiyo ilirejea msimamo huo huo, kwa hiyo usitarajie kwamba upepo utageuka karibuni.

Hata hivyo, hakuna mahali majaji waliposema kwamba hatimiliki si kitu. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi bado kinaitambua kuwa ushahidi wa umiliki, na anayeipinga ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa njia ya ufisadi. Kilichobadilika ni kwamba mzizi wa hati ukishatiliwa shaka, kuipunga hati yenyewe mbele ya hakimu hakutoshi. Ni lazima ueleze ardhi ilitoka wapi, nani aliigawa, kwa mamlaka gani, na kama hatua zote zilifuatwa. Ile sachi uliyoifanya inaonyesha jina la mwenye ardhi siku hiyo pamoja na mizigo iliyo juu yake, kama vile rehani. Haikuonyeshi historia.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana na kaunti, mpe wakili wako kazi mbili. Kwanza, atafute nakala za kumbukumbu zote za kiwanja katika masjala ya ardhi, kuanzia ugawaji wa mwanzo, pamoja na ramani za upimaji na mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo hilo. Ikiwa ramani ya zamani inaonyesha njia mahali ulipojenga, hali yako ni ngumu. Ikiwa haionyeshi, una kesi nzuri, na unaweza kuomba amri ya kuzuia ubomoaji wakati shauri linasikilizwa. Pili, autoe mkataba wako wa ununuzi na kusoma ahadi ambazo muuzaji alikupa kuhusu hati yake. Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka sita, na wewe ulinunua 2016, kwa hiyo suala la muda litaibuka mapema sana. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona wanunuzi wakitumia miaka yote hiyo kulumbana na serikali huku aliyewauzia amekaa kimya akisubiri saa yake ipite.

*

Mimi sina hatimiliki bali nina barua ya ugawaji ya mwaka 1998, yaani barua ya serikali ya kunigawia ardhi, na nimepata mteja anayetaka kuinunua. Je, naweza kuuza?
Msomaji, Machakos

Usiuze, na umwambie mteja wako asinunue. Katika uamuzi wa kesi ya kampuni ya Torino Enterprises wa tarehe 22 Septemba 2023, uliohusu ardhi ya Embakasi, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba barua ya ugawaji ni ahadi yenye masharti tu: aliyepewa anatakiwa akubali na kulipa ada zilizotajwa ndani ya muda uliowekwa, na hata akishalipa, umiliki hauji mpaka usajili ukamilike. Katika kesi hiyo aliyepewa barua aliiuza kabla ya kutimiza hayo, na hati iliyojengwa juu ya mauzo hayo ikaanguka. Tafuta stakabadhi zako za 1998. Ukizikosa, huna cha kuuza.

*

Nimekaa katika ndoa miaka 19. Nyumba, shamba la chai na ng'ombe wanne vyote viko kwa jina la mume wangu, ambaye ni mwalimu. Mimi sijawahi kuajiriwa. Sasa anataka talaka, na anasema mahakama kubwa imefuta habari ya wanawake kupewa nusu. Kaka yangu naye anasema nusu ni yangu kwa lazima. Ni nani mkweli?
Mama wa watoto watatu, Kisii

Dada yangu, wote wawili wamesikia sentensi moja ya hukumu na kuiacha nyingine. Uamuzi huo ulitolewa tarehe 27 Januari 2023. Uliwahusu wanandoa waliooana mwaka 1990, wakiwa na nyumba ya makazi na vyumba vya kupangisha. Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufaa ikabadilisha ikampa nusu ya vyote. Mume akakata rufaa zaidi. Mahakama ya Juu ilisema kwamba usawa wa wanandoa unaotajwa katika kifungu cha 45(3) cha Katiba hauna maana ya kugawa mali nusu kwa nusu moja kwa moja, na kwamba kila mmoja lazima athibitishe mchango wake. Sentensi hiyo ndiyo mumeo anayoinukuu. Lakini mahakama hiyo hiyo iliitupa rufaa ya mume na kumwachia mke nusu yake, kwa kuwa ushahidi wa mchango wake ulikuwepo. Mwisho huo wa hadithi hakuuona, au hakutaka kuuona.

Swali lililobaki ni jinsi ya kuthibitisha mchango ikiwa hujawahi kupokea mshahara. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto, uandamani wa ndoa (kuwa pamoja na mwenzi wako), usimamizi wa biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani. Aidha, kifungu cha 14 kinaanza na dhana kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja anaishikilia kwa niaba ya wote wawili, hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo huanzi mikono mitupu.

Kaa chini na daftari. Andika shamba lilinunuliwa lini, nani alipanda miche, nani alikuwa akichuma na kupeleka chai kituoni asubuhi mumeo akiwa darasani, nani alikamua ng'ombe, na fedha za maziwa zililipa nini. Hifadhi vitabu vya kituo cha chai vyenye jina lako, stakabadhi za karo, taarifa za M-Pesa, na majina ya majirani wanaoweza kuja kusema walichokiona. Katika mashauri ya aina hii nimeshuhudia kitabu cha maziwa kilicholoa na kukauka mara nyingi kikimnyamazisha wakili wa upande wa pili kuliko hoja zangu zote. Vilevile, ikiwa ndoa yenu ni ya mke mmoja, mumeo haruhusiwi kuuza wala kuweka rehani mali ya ndoa bila idhini yako. Ukisikia dalali anazungukazunguka shambani, mwone wakili siku hiyo hiyo.

Msomaji wa Nakuru aliyeuliza kuhusu kuishi na mwenza miaka 11 bila kufunga ndoa ajue kwamba siku hiyo hiyo ya Januari 2023 mahakama ilitoa uamuzi mwingine unaomhusu. Ilisema kuishi pamoja muda mrefu peke yake hakufanyi ndoa. Ni lazima wawili hao wawe na uwezo wa kisheria wa kuoana, nia na hiari ya kufanya hivyo, na wawe wamejitambulisha kwa watu kama mume na mke. Katika kesi hiyo ndoa haikuthibitika, ila kila mmoja alionyesha alichochangia kwenye kiwanja chao, na kikagawanywa asilimia 70 kwa 30.

*

Nimeshindwa katika Mahakama ya Rufaa kwenye kesi ya mpaka wa shamba. Majaji hawakumwamini mpima ardhi wangu. Nataka kwenda Mahakama ya Juu. Nianzie wapi?
Msomaji, Meru

Uanzie kwa kujiuliza kama mlango upo. Kifungu cha 163(4) cha Katiba kinafungua njia mbili tu. Ya kwanza ni kesi inayohusu tafsiri au matumizi ya Katiba, kama ile ya Sheria ya Fedha ya 2023, ambayo Mahakama ya Rufaa iliibatilisha tarehe 31 Julai 2024 na Mahakama ya Juu ikairejeshea uhalali tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo. Ya pili ni kupata cheti kwamba jambo lako lina umuhimu kwa umma kwa jumla, na cheti hicho huombwa kwanza katika Mahakama ya Rufaa yenyewe. Tangu mwaka 2013 msimamo umekuwa kwamba suala lenye umuhimu huo ni lazima livuke mipaka ya wadaawa wawili, yaani pande mbili za kesi, na kwamba mzozo juu ya ukweli wa mambo, au hofu tu ya kuwa haki haikutendeka, haukubaliki kuwa sababu.

Ikiwa lalamiko lako ni kwamba mpima ardhi wako hakuaminiwa, hiyo ni hoja ya ushahidi, na sioni ukipata cheti. Ikiwa lipo swali la sheria lililojificha ndani yake, kwa mfano mamlaka ya nani kuamua mipaka, mwambie wakili wako aliandike katika sentensi moja. Afanye upesi: notisi ya rufaa inawekwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe, na barua yako kwangu ina tarehe ya siku tisa baada ya hukumu.