Maswali ya Wasomaji: Ndege Nyepesi ya Watu Wawili, Ninunue Ipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mkenya mwenye ukaazi wa kudumu hapa Marekani, na ninakaribia kumaliza mafunzo ya leseni ya urubani wa burudani (sport pilot). Nataka kununua ndege nyepesi iliyotumika ili niwe naruka na mke wangu mwishoni mwa wiki. Nimeonyeshwa mbili, zote za injini ya Rotax 912 na matangi ya lita 90. Ya kwanza ni ya nyuzi za kaboni, ina skrini mbili kubwa na parachuti ya ndege nzima, na uzito wake ikiwa tupu ni kilo 376. Ya pili ni ya alumini, ina mita za mishale, nayo ina kilo 345. Mimi nina kilo 98 na mke wangu 75. Kila muuzaji ananihakikishia kuwa ndege yake inabeba watu wawili bila shida. Nichukue ipi? – Msomaji, Minneapolis.

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vema kututajia uzito, kwa sababu wanunuzi wengi hutaja rangi na skrini kwanza. Kanuni za Marekani za mwaka 2004, ambazo ndizo zilizozaa kundi hili la ndege, ziliweka ukomo wa kilo 600 wakati wa kupaa kwa ndege za nchi kavu, zikijumlisha ndege, watu, mizigo na mafuta. Ukiondoa kilo 376 za ndege ya kwanza unabaki na 224. Matangi yakijaa, petroli peke yake ni kama kilo 65, hivyo watu na mizigo wanabakiziwa 159, nanyi wawili mna 173 kabla hata hamjavaa makoti na viatu vya baridi ya Minnesota. Ndege ya pili, kwa hesabu hiyohiyo, inawabeba nyote wawili na matangi yaliyojaa, na bado zinabaki kilo 17 za mizigo.

Hilo halina maana kwamba ya kwanza haifai. Injini hiyo hutumia takriban lita 18 hadi 20 kwa saa, kwa hiyo mkiweka lita 60 mtakuwa na saa tatu hewani, nusu saa ya akiba ikiwa ndani yake, na safari nyingi za Jumamosi hazifiki huko. Lakini muuzaji aliyekwambia "bila shida" alipaswa kukueleza kuwa kila mnapokuwa wawili mtapima mafuta kabla ya kuondoka. Tena usitegemee karatasi ya uzito iliyotoka kiwandani, kwa maana redio, viti na vifaa vilivyoongezwa baadaye mara nyingi havikuandikwa. Omba ndege ipandishwe kwenye mizani mbele ya fundi wako.

Fundi huyo awe ni wa kwako kwelikweli, asiye na uhusiano na muuzaji, na awe anaifahamu Rotax. Mpira wote wa mabomba ya mafuta, oili na maji hubadilishwa kila baada ya miaka mitano hata kama ndege haikuruka, na ndege yenye saa chache iliyolala bandani muda mrefu ndiyo hasa ya kutiliwa shaka. Jaribio moja unaweza kulifanya mwenyewe: mwombe muuzaji akuonyeshe kiasi cha oili. Anayeijua injini yake atahakikisha swichi zimezimwa, kisha atazungusha propela kwa mkono, kwa mwelekeo wake wa kawaida, mpaka tangi la oili litoe mlio wa kububujika, ndipo achomoe kijiti cha kupimia. Akichomoa kijiti moja kwa moja, jiulize ni mangapi mengine amekuwa akiyafanya kwa kukisia.

Uliza pia kama kiwanda bado kipo. Ndege iliyosajiliwa kama ya kiwandani hairuhusiwi kufungwa hata redio mpya bila kibali cha mtengenezaji, na kiwanda kikifa, mwenye ndege huweza kulazimika kuihamishia daraja la majaribio. Parachuti nayo ina tarehe yake ya kufungwa upya, na gharama yake si ndogo. Kama tarehe iko karibu, ipunguze kwenye bei. Kabla ya kutoa arubuni, tafuta katika masjala ya ndege ya FAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliyoko Oklahoma City kama kuna mkopo unaoidai ndege hiyo. Ukaazi wako wa kudumu unakuruhusu kuisajili kwa jina lako.

Jambo la mwisho ni kwamba kanuni zimelegezwa. Tangu Oktoba 22, 2025, rubani wa daraja lako anaweza kuendesha hata Cessna 172 nyingi za viti vinne, ingawa abiria anabaki kuwa mmoja. Ukomo wa kilo 600 wa ndege ulizoonyeshwa, hata hivyo, haukupanda kwa sababu ya mabadiliko hayo. Cessna ingewatosha kwa uzito, ila hunywa lita 30 na zaidi kwa saa. Kwa matumizi uliyoyataja, mimi ningechukua ile ya alumini.

SWALI: Je, ndege za namna hii zinaweza kutumika Nairobi? – Msomaji, Lang'ata.

JIBU: Zinaweza, lakini uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kawaida ya nguvu farasi 100 hupoteza pale takriban moja ya sita ya nguvu zake, zaidi kidogo mchana wa joto. Ukiwa na abiria, tafuta yenye Rotax 914, ambayo turbo yake huirudishia injini hewa inayokosekana. Na kama unafikiria kuagiza kutoka Marekani, onana kwanza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa kuwa cheti maalumu ambacho ndege hizi hupewa kule hakitambuliwi moja kwa moja katika nchi nyingine.